Nimenunua kwadi mbovu

Najua nimepotea. Kuna mmoja aliyeniandikia akiuliza kama nimeacha kompyuta nikaingia ukulima. Jibu ni: karibu hivyo. Miezi minne iliyopita nilinunua kwadi mbovu, na tangu siku hiyo jioni zangu na wikendi zangu zimekuwa zikinuka petroli. Leo nawaletea habari yake yote, pamoja na hesabu. Walio hapa kwa ajili ya programu msinikimbie, mbele kuna funzo lenu pia, na mimi lilininyima usingizi.

Kwa wasioijua, kwadi ni pikipiki ya magurudumu manne. Ukienda Diani au Watamu utawaona watalii wakizunguka nazo. Unaipanda kama pikipiki na usukani wake ni wa pikipiki, ila mafuta unaongeza kwa kusukuma kijiti kidogo kwa kidole gumba badala ya kuzungusha mkono.

Kwa nini kwadi?

Baba yangu aliendesha malori zaidi ya miaka thelathini, Mombasa hadi Malaba na kurudi. Alipostaafu alirudi nyumbani Taita, kwenye vilima vya juu ya Mwatate, akawa mkulima. Mwaka 2022 aliteleza shambani akavunjika nyonga. Alifanyiwa upasuaji akapona, lakini anatembea kwa mkongojo, na shamba lake la mboga liko bondeni, kama mita mia nane kutoka nyumbani. Kushuka anaweza. Kupanda ndiyo kazi.

Pikipiki hawezi tena, kwa sababu pikipiki ikisimama lazima uishikilie kwa mguu. Vijana wa bodaboda walikuwa wakimbeba, lakini mtu aliyetembeza trela hapendi kubebwa. Yeye mwenyewe hakuniambia kitu. Mama ndiye aliyeniambia kwa simu: "Baba yako siku hizi anakaa barazani, anatazama bonde tu."

Maneno hayo hayakunitoka. Nikaanza kutafuta chombo ambacho kikisimama kimesimama, hakihitaji mguu wa mtu. Kwadi mpya sikuiweza bei. Nilikuwa na shilingi 140,000 nilizoweka akiba kwa ajili ya laptopu mpya. Nikajiambia laptopu ya zamani bado inawaka.

Diani

Rafiki alinielekeza kwa mtu anayekodisha kwadi kwa watalii, aliyekuwa akiuza zile zilizomshinda. Yangu ilikuwa chini ya mkorosho, ya Kichina, 200cc, imepakwa rangi nyekundu mpya juu ya kutu ya zamani. Aliiwasha, ikawaka mara ya kwanza. Nikazunguka uwanja mara tatu, kila kitu sawa. Nikamuuliza, "Ubaya wake nini?"

Akasema, "Haina ubaya. Ina tabia ya kuchoka tu."

Nilicheka. Ningelijua nisingecheka. Alianza na 120,000, tukamalizana kwa 85,000.

Kwa msomaji anayefikiria kununua kwadi iliyotumika, haya ndiyo niliyoyakagua. Shika kila gurudumu la mbele juu na chini, litikise. Likicheza, beringi au viungo vya mikono ya mbele vimekwisha. Ingia chini uangalie fremu kwenye maungio, hasa kama kwadi imeishi pwani. Kutu ya juu si kitu, lakini ukigonga kwa bisibisi na chuma kikabonyea, ondoka. Chomoa kijiti cha oili. Oili ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Mwisho inua kiti uangalie nyaya. Ukiona waya wa rangi moja umefungwa na waya wa rangi nyingine kwa utepe, jua kuna mtu alipita hapo kabla yako.

Mimi nilinyanyua kiti nikaona tepe tatu za namna hiyo. Nikanunua hivyo hivyo. Rahisi ghali, lakini nani amewahi kulikumbuka hilo akiwa na pesa mkononi?

Injini niliyoijua

Kilichonipa moyo ni injini. Ilikuwa ya ukoo wa CG, ukoo ule ule wa bodaboda nyingi za hapa kwetu. Honda waliitoa CG125 mwaka 1976, wakilenga nchi ambazo pikipiki inafanya kazi ya punda na oili haibadilishwi kwa wakati. Badala ya kuweka mnyororo wa kuzungusha kemu juu kwenye kichwa cha injini, waliweka fito mbili za kusukuma vali kutoka chini. Muundo wa kizamani kidogo, lakini unavumilia mateso. Viwanda vya China vikauiga, na Kenya ilipoondoa VAT kwa pikipiki za chini ya 250cc mwaka 2008, barabara zetu zikajaa watoto wake.

Maana yake kwangu ni kwamba kwadi ni nadra, lakini moyo wake unauzwa kila duka la spea. Ni kama kurithi programu ya mtu usiyemjua, ukafungua ukakuta imeandikwa kwa lugha unayoiota usiku.

Niliipakia kwenye pikapu, tukavuka na feri ya Likoni hadi Mikindani ninapoishi. Mama mwenye nyumba alinipa kona ya uwanja kwa sharti moja: ikifika magharibi, kelele basi.

Wiki za kwanza

Nilianza vizuri. Niliosha chumvi yote. Kila nilichofungua nilikipiga picha kwanza kwa simu, kisha misumari yake nikaitia kwenye kikopo cha plastiki chenye jina. Nilibadilisha oili, betri, beringi za mbele, pedi na mafuta ya breki. Nilikata soketi zilizoota kutu ya kijani nikaunganisha upya kwa lehemu.

Nilifanya na ujinga wangu pia. Nilipeleka magurudumu kujazwa upepo, kijana akatia 30 kama anavyozoea kwenye bodaboda. Niliporudi na kuiendesha ikawa inarukaruka kama mpira. Kumbe tairi za kwadi ni laini na pana, zinataka upepo kidogo sana. Zangu zimeandikwa ubavuni kabisa: 5 psi. Niliandikiwa nikashindwa kusoma.

Kisha nikaijua ile tabia ya kuchoka.

Hitilafu

Dalili zilikuwa hivi. Asubuhi inawaka bila matata. Unaendesha dakika kadhaa. Inaanza kukohoa, inapoteza nguvu, inazima. Ukijaribu kuiwasha haitaki. Unashuka, unakagua hiki na kile, dakika kumi zikipita inawaka kama hakuna lililotokea.

Nikaamua papo hapo: joto. Kuna vifaa vya umeme vya injini ambavyo vikipata moto hukatika, vikipoa hurudi. Nadharia nzuri, niliipenda, na mtu akiipenda nadharia yake huanza kuitafutia ushahidi.

Nikabadilisha plagi. Ikazima. Nikabadilisha koili. Ikazima. Nikabadilisha CDI, kile kisanduku kidogo kinachoamua plagi itoe cheche lini. Ikazima. Nikanunua kabureta mpya. Ikawaka vizuri kuliko siku zote, nikampigia Mama simu kumwambia tayari, na kabla sijakata simu ikazima.

Katikati ya hayo nilimshuku mtu mwingine. Kwadi yangu ina kitufe chekundu kwenye usukani cha kuzimia injini, na nyuma ina kamba ya usalama: ukiivuta ikachomoka, injini inazima. Inatumika sana mtu anapofundisha mtoto. Vyote viwili hufanya kazi kwa njia moja. Vinaunganisha waya mmoja kwenye chuma cha fremu, na waya huo ukigusa chuma cheche hukatika. Sasa fikiria mashine iliyokaa miaka kwenye chumvi. Ngozi ya waya ikichubuka ukagusa chuma wenyewe, injini itazima bila kuguswa na mtu. Mtuhumiwa mzuri sana! Nikainua kiti, nikachomoa soketi ya tawi la kitufe na kamba, nikaizungushia utepe mweusi, nikaiwasha. Ufunguo ulikuwa kwenye tawi lake peke yake, kwa hiyo kuzima kwa ufunguo kulikuwa kama kawaida.

Ikazima. Basi si huyo. Nikahamia kwa mtuhumiwa mwingine.

Ikumbukeni hiyo soketi. Mimi niliisahau.

"Umeandika?"

Wiki ya saba nilimwita fundi wa bodaboda wa stejini kwetu. Mimi huniita Injinia, nadhani kwa kejeli. Nilimsomea orodha ya vyote nilivyobadilisha. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Injinia, umeandika?"

"Nimeandika nini?"

"Ikizima. Dakika ngapi, mafuta kiasi gani, jua au kivuli."

Jamani, niliona aibu. Kazini kijana akija kuniambia programu inakufa bila kuwa na kumbukumbu ya ilikufa lini na ikifanya nini, namrudisha akaitafute. Na mimi hapa wiki saba sina hata mstari mmoja.

Nikaanza kuandika. Siku tatu baadaye daftari lilikuwa na haya:

Tangi limejaa: ilizima baada ya dakika 6.
Tangi nusu: dakika 13.
Tangi karibu na kuisha: dakika 22.

Nilirudia, nikapata karibu vile vile. Nikakaa nikaitazama ile karatasi. Kama shida ni joto, joto halijui tangi lina mafuta kiasi gani! Fundi alipoisoma hakugusa hata spana. Alienda moja kwa moja kwenye kifuniko cha tangi, akakifungua injini ikiwa imezima, nasi sote wawili tukasikia: fsss.

Petroli ya mashine kama hii hushuka kwenye kabureta kwa uzito wake tu, hakuna pampu. Kila tone linaloshuka lazima hewa iingie juu kuchukua nafasi yake, na hewa huingia kwa tundu dogo kwenye kifuniko. Tundu likiziba, ndani ya tangi panakuwa na mvuto unaoyazuia mafuta yasishuke. Tangi likijaa, nafasi ya hewa ni ndogo na mvuto huo unakuja haraka. Likiwa karibu tupu, hewa iliyomo ni nyingi, unachelewa. Dakika 6, 13, 22. Daftari lilikuwa limesema kila kitu.

Tulipokigeuza kifuniko tukakuta gundi ya silikoni imejazwa ndani ya tundu, safi kabisa. Si uchafu, ni kazi ya mtu. Fundi akanionyesha mpira wa kifuniko uliokauka na kupasuka. Petroli ilikuwa ikirukia mapaja ya watalii, mtu akachukua gundi akaziba kila pahali palipo na upenyo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakutuambia kuna matundu ambayo ukiyaziba ndipo unapoanza kujenga.

Na lililonichekesha zaidi ni hili. Kila ilipozima, jambo langu la kwanza lilikuwa kufungua tangi kuangalia kama mafuta yapo. Kwa kufungua tu nilikuwa naiponya, kisha nasubiri dakika kumi na kuipa sifa baridi. Nilikuwa dawa ya ugonjwa nilioutafuta :-)

Kifuniko kipya: shilingi 400. Nikaiendesha saa nzima kuzunguka uwanja, haikukohoa. Nikarudisha kiti, nikarudisha plastiki zote, kila msumari kwenye kikopo chake ulipata kwao. Hakukubaki kikopo chenye kitu, nikajua nimemaliza. Soketi haina msumari.

Siku ya mzee

Tuliipandisha kwa pikapu Jumamosi, Voi, Mwatate, kisha vilimani. Haina namba ya usajili, kwa hiyo haikukanyaga lami hata mara moja. Baba alikuwa amevaa viatu vyake vya safari tangu asubuhi, Mama akaniambia. Tulimpangia matofali mawili ya kukanyagia ili nyonga isipate taabu. Akapanda, akashika usukani, akabonyeza klachi mara mbili tatu kuisikia. Sikuwahi kumwona akitabasamu vile tangu aanguke.

Nilijiona mwangalifu. Nilimwambia aende gia ya kwanza, polepole, kwenye kiwanja cha mbele ya nyumba, na mimi nitatembea nyuma yake nikiwa nimeshika ile kamba ya usalama. "Ukienda kombo navuta, inazima," nilimwambia.

Mzunguko wa kwanza, safi. Wa pili, safi. Wa tatu alipotoka kwenye kona akasukuma mafuta kidogo, akaachia, na injini haikushuka. Ikapanda. Kebo ya mafuta ilikuwa ya zamani, ina kutu ndani. Niliitia oili badala ya kuibadilisha, kwa sababu pesa zilikuwa zimekwenda kwa koili na CDI na kabureta ambavyo havikuwa na kosa. Kebo mpya ni shilingi 350.

Nikavuta kamba. Ikachomoka kama inavyotakiwa, ikabaki mkononi mwangu, na kwadi ikaenda na baba yangu.

Mwisho wa kile kiwanja kuna tuta, na chini ya tuta kuna ngazi za mawe zinazoshuka shambani. Sijui nilipiga kelele gani. Najua nilikimbia. Nilimwona anabonyeza kitufe chekundu kwa kidole gumba, akakibonyeza tena, kisha mkono wa kushoto ukavuta klachi na ule wa kulia ukashika breki, na kwadi ikasimama, injini ikipiga mayowe bila kwenda popote. Ilibaki kama hatua mbili kufika kwenye tuta. Hakuweza kuachia mkono wowote. Akaniambia bila kugeuka, "Ufunguo!"

Nikauzungusha. Kukawa kimya. Mama alikuwa amesimama mlangoni na kanga mdomoni.

Kidole cha Baba kilikuwa kimerudi juu ya kitufe chekundu, kimebonyeza mpaka ukucha umekuwa mweupe. Nilipouona ule ukucha nikaikumbuka soketi.

Alikaa palepale kitambo, kisha akauliza kwa sauti ya kawaida, "Hiki ni cha nini?"

"Cha kuzima injini."

"Mbona hakizimi?"

Ningeweza kusema kimeharibika. Mashine ni kuukuu, angeniamini, na Mama angeniamini. Ulimi ulikuwa umeshaanza. Lakini nikamwambia ukweli: nilikichomoa mimi mwenyewe nilipokuwa natafuta kitu kingine, na sikukirudisha.

Hakunikemea. Kwanza alishuka, tukamsaidia, akakaa kwenye matofali. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi nimetoa malori gereji miaka mingi. Fundi akikurudishia gari usimuulize ametengeneza nini. Muulize amefungua nini."

Nilichofungua

Usiku ule sikulala. Nilijaribu kuihesabu vizuri. Miaka yote ya chumvi, kutu, watalii na gundi ya silikoni haikumkaribia baba yangu kama nilivyomkaribia mimi. Yule aliyeziba tundu alifanya injini izime. Mimi nilifanya isizime. Hitilafu ya zamani ilikuwa ya kuudhi tu, ile ya hatari niliileta mimi nikiwa kwenye harakati za kutengeneza, na niliileta kwa kitendo cha sekunde tano ambacho hakikuwa hata sehemu ya jibu.

Ukiwa unatafuta hitilafu, kila unachogusa unakigusa kwa nia ya kuuliza swali. Unachomoa, unaona si huyo, unaendelea. Akili inahesabu kwamba swali limejibiwa, basi limefungwa. Lakini mashine haijui kwamba ulikuwa unauliza tu. Kwake hayo ni matengenezo.

Na sisi tunaoandika programu ndio wabaya zaidi, kwa sababu tumezoea Git ituandikie kila tulichobadilisha. Nilipiga picha kila msumari, nikadhani nimejilinda. Misumari ilirudi yote. Kilichonipita ni kile kisichokuwa na msumari.

Jumatatu nilipofika kazini jambo la kwanza nilifungua msimbo wetu nikatafuta neno "kwa muda". Nikapata sehemu tatu ambapo mtu alizima ukaguzi fulani ili ajaribu kitu, akaandika maelezo kwamba ni kwa muda. Moja ilikuwa na umri wa miaka miwili, nayo ilikuwa inaruhusu kiasi cha malipo kupita bila kulinganishwa na ankara. Nikaangalia aliyeandika. Mnamjua :-( Tulizirudisha zote tatu wiki ile ile.

Sasa nina daftari lenye ukurasa wa pande mbili. Kushoto: nilichofungua. Kulia: nilichofunga. Kazi haijaisha mpaka pande zote mbili zilingane, hata kama injini inaimba.

Hesabu

Kwadi: 85,000
Usafiri, Diani hadi Mikindani na Mikindani hadi Taita: 19,000
Betri, beringi, pedi, oili, nyaya: 11,900
Vitu nilivyobadilisha kwa kubahatisha: 5,650
Kifuniko cha tangi na kebo ya mafuta: 750
Fundi: 1,000
Helmeti: 3,500
Jumla: shilingi 126,800

Angalieni mstari wa nne na wa tano. Zaidi ya elfu tano kwa kubahatisha, mia saba na hamsini kwa tatizo lenyewe.

Sasa ikoje?

Nilibaki Taita hadi Jumapili jioni. Kebo mpya niliipata Voi. Soketi niliirudisha, nikaijaribu mara ishirini. Kwenye kijiti cha mafuta kuna parafujo ndogo ya kupunguza mwendo, nikaikaza mpaka kwadi haiwezi kukimbia kuliko mtu anayetembea haraka. Tulipitia njia yote ya shambani kwa miguu, na mahali palipoinama upande tukapasawazisha kwa jembe, kwa sababu kwadi haikuangushi kwa kukosa kusimama, inakupindukia kwenye mteremko wa ubavuni. Kona kali pia tulizipanua. Magurudumu yake ya nyuma yako kwenye ekseli moja, yanazunguka pamoja, kwa hiyo haipendi kukata kona ya ghafla.

Nilidhani mzee hataigusa tena. Mama alikuwa na maoni hayo hayo, na aliyasema kwa sauti. Lakini Jumapili baada ya kanisa Baba alivaa helmeti, akapanda, akaiwasha, akabonyeza kitufe chekundu. Ikazima. Akaiwasha tena, akashuka nayo bondeni, akarudi na sukuma wiki kwenye kapu la mbele.

Anafanya hivyo kila asubuhi mpaka leo. Mama ananiambia kwenye simu akiwa jikoni anajua kama mzee anaenda shambani au anaijaribu tu, kwa sababu akienda shambani injini inawaka mara mbili.

Laptopu yangu bado ni ile ya zamani. Kama una kwadi inayochoka, au pikipiki, anza na kifuniko cha tangi, kisha niandikie. Nami wiki ijayo narudi kwenye programu, naahidi. Mpaka hapo, kwaherini.